Naomba ushauri: tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) ipi inafaa kwa familia inayotaka kuishi chomboni, bapa, ya kuchongoka au yenye ngazi?

BabaSwafiya (Kilifi)

Asalaam aleikum wakuu.

Mimi na mke wangu tumeamua kuhamia majini. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la nne na mdogo ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mama yangu mzazi huja kukaa nasi mara kwa mara, na magoti yanamsumbua. Chombo kitatia nanga humu humu kriki ya Kilifi. Mara moja kwa mwaka tunataka kushuka nacho Pemba na Unguja wakati wa kaskazi, kisha turudi kusi ikianza.

Nina vyombo vitatu mbele yangu. Cha kwanza ni cha faiba, futi 32, tezi imechongoka kama ya dau na usukani unaning'inia nje. Cha pili ni futi 37, kimetengenezwa Ufaransa miaka ya 1990, tezi imekatwa kwa ndani na ina vidato vinavyoshuka hadi karibu na maji. Cha tatu bado ni mbao: fundi wa Matondoni, Lamu, yuko tayari kunijengea jahazi dogo la futi 40, tezi bapa, na chumba cha kulala shetri, yaani huko nyuma kabisa.

Habari za mwendo nimezisoma za kutosha. Ninachouliza ni maisha ya kila siku: kupanda na kushuka, kuoga, kulala, kuweka kiboti, watoto wasidondoke. Ningekuwa nachagua nyumba ningejua la kuangalia, lakini hapa naomba wenye uzoefu mniongoze.

Kipwani87

Tafuta katamarani mkuu, chombo cha matumbo mawili. Ina tezi mbili, zote zina ngazi, na haiyumbi.

BabaSwafiya

Ahsante kaka, lakini bei zake hazinifikii hata nikiuza shamba. Ni hivyo vitatu tu.

Nahodha Makame

Wa aleikum salaam mwanangu. Mimi ni mtu wa Mkoani, Pemba, na mkondo ule wa kati ya kisiwa na bara naujua ukichafuka. Safari yako yenyewe inakupa jibu. Unashuka na kaskazi, unapanda na kusi, maana yake kwenda na kurudi mawimbi yanakuandama kisogoni. Tezi iliyochongoka hulipasua wimbi likapita pande zote mbili. Tezi pana hulipokea lote, wimbi likainua nyuma na kuisukuma pembeni, chombo kikataka kulala ubavu, na aliyeshika kana (mkono wa usukani) akapigana nayo mpaka mikono inakufa ganzi.

Wazee wetu walilijua hilo. Dau lina ncha mbili, na mtepe wa kushonwa kwa kamba za nazi ulikuwa hivyo hivyo. Waliowahi kuingia Beit al-Ajaib pale Unguja, kabla sehemu ya jengo haijaanguka Desemba 2020, waliuona mfano wake. Wanorwe nao walifika huko huko: Colin Archer alichora mashua za uokoaji za tezi ya kuchongoka mwishoni mwa karne ya 19, kwa bahari mbaya kuliko hii yetu. Na Suhaili, chombo cha Robin Knox-Johnston, kilijengwa Bombay kwa msaji, futi 32, ncha mbili. Mwaka 1968 waliondoka mabaharia tisa kwenye mashindano ya kuizunguka dunia peke yao bila kutia nanga. Aliyemaliza ni yeye mmoja, baada ya siku 312.

Utakuwa umebeba watoto. Chukua cha kwanza. Mama mtilie ngazi ya ubavuni.

MamaRukia (Mtwapa)

Shikamoo Nahodha. Ulilosema la mawimbi ni kweli tupu na sina la kupinga. Ila kaka hapa ameuliza maisha ya kila siku, na familia inayoishi chomboni hukaa kwenye nanga siku nyingi mno kuliko inavyosafiri. Mimi, mume wangu na binti yetu tunaishi kwenye futi 36 yenye tezi ya ngazi, kwa hiyo nitasema ninayoyaishi.

Kila kitu unachotumia kinaingia kwa kiboti. Maji ya kunywa ya mitungi ya lita 20, unga, mtungi wa gesi, mtoto aliyelala, begi la shule. Kwenye chombo chenye ngazi kiboti kinasogea nyuma, kidato cha chini kiko usawa wa goti, unaweka mzigo, unaweka mguu, umefika. Kwenye tezi ya kuchongoka hakuna pa kukanyaga. Unapanda ubavuni, kiboti kinayumba na chombo kinayumba, mkono mmoja umeshika ngazi na wa pili unainua mtungi juu ya kichwa. Kijana anaweza. Mama mwenye magoti mabovu ataacha kuja, na hatakwambia sababu.

Kuoga pia. Tunaoga pale pale kidatoni: unajitosa, unapanda, unajipaka sabuni, unajisuuza kwa kata mbili za maji baridi, na ndani hakuingii hata tone la chumvi. Samaki tunawaparia hapo, magamba yanakwenda na maji. Nguo za shule nazisuuzia hapo.

Na usalama, Nahodha, nao una upande huu. Mtu akianguka majini kriki, mkondo unamvuta nyuma ya chombo. Pakiwa na ngazi, anajipandisha mwenyewe. Kumnyanyua mtu mzima aliyelowa kupitia ubavu mrefu ni kazi ya wanaume wawili wenye nguvu, na usiku mara nyingi nyumbani niko mimi na mtoto tu.

Sasa mabaya yake, maana yapo. Pale nyuma pako wazi, na mtoto anayejifunza kutembea ataona mlango. Sisi tulifunga wavu mzito wenye kilango kinachofungwa kwa juu, na sheria ni moja: mtoto hapiti hapo bila jaketi la kuokolea. Ukoga unaota kwenye kidato cha chini, usipousugua mara kwa mara unateleza vibaya sana. Njia nyepesi kwako ni nyepesi kwa mwizi pia, kwa hiyo usiku ngazi inapandishwa, na kiboti na mashine yake vinafungwa kwa mnyororo. Na ukitia nanga mahali penye mawimbi ya nje, kwa mfano mbele ya Mji Mkongwe boti za Dar zinapopita kwa kasi, usisogeze kiboti nyuma kabisa. Tezi inapanda na kushuka, inaweza kukigandamiza kiboti na mguu wa mtu ndani yake. Hapo pandia ubavuni.

BabaSwafiya

Dada Mama Rukia, Mungu akuzidishie. Nimemsomea mke wangu yote. Ameuliza kuhusu kelele: amesikia kwamba tezi pana inapigwa na maji usiku kucha, na chumba chetu kwenye hicho cha pili kiko nyuma.

ShikaNanga

Amesikia kweli. Hili watu hulijua baada ya kununua, kwa hiyo niliseme vizuri.

Chombo kwenye nanga kwa kawaida huelekeza omo (mbele yake) kwenye upepo, na viwimbi vinaanzia mbele. Lakini kriki ina maji yanayoingia na kutoka, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakuwa na nguvu. Upepo na mkondo vikigombana, chombo humtii mwenye nguvu. Akishinda mkondo, tezi ndiyo inayotazama upepo, na viwimbi vinaingia chini ya ule ubapa na kupiga pa, pa, pa, sentimita chache kutoka kwenye mto wako. Wimbi la nusu futi tu linakutoa usingizini. Tezi ya kuchongoka haina tatizo hili, maji yanateleza pembeni. Hapo Nahodha anashinda bila ubishi.

Dawa zipo. Ukichagua pa kutia nanga, kwepa sehemu nyembamba ambako maji yanakimbia, ingia ndani zaidi kwenye ghuba tulivu. Kamba ya pili kutoka kwenye tezi inaweza kukishika chombo kisigeuke, mradi hakuna majirani karibu wanaozunguka kwa uhuru. Wengine hufunga kiboti cha mpira kwa kubana chini ya tezi, kinayavunja yale mawimbi kabla hayajafika. Usiku mbaya, hamieni chumba cha mbele. Waulizeni wauzaji mlale humo usiku mmoja wa bamvua kabla ya kulipa chochote.

Kuna na uzito, ambao nashangaa haujatajwa. Kuishi ni kuongeza vitu, na vingi vinaishia nyuma: sola, betri, kiboti kilichoning'inizwa, mashine, gesi. Tezi pana inabeba bila kulalamika. Iliyochongoka ina nafasi ndogo ya kuelea, hivyo inazama nyuma, omo inainuka, na maji ya deki yanakwenda yasikotakiwa. Hata sehemu ya kukaa huko nyuma ni finyu. Futi 32 za namna ile, watu watano, mtabanana.

Fundi wa Amu

Mimi ni fundi, nazungumza juu ya jahazi. Sitaki kumharibia mwenzangu wa Matondoni kazi, wala sitaki kukuuzia sifa zisizokuwepo.

Tezi bapa ya jahazi ina nafasi ambayo hizo faiba hazina. Shetri unaweza kuweka kitanda cha kulala watu watatu kwa upana, madirisha mawili nyuma, upepo unapita, kivuli cha turubai juu. Kwa joto letu hiyo ni raha kubwa. Usukani uko nje kwenye fashini (mti wa nyuma wa chombo), ukilegea unauona kwa macho.

Lakini iko juu sana kutoka majini, na huwezi kukata vidato kwenye mbao zile, utaua nguvu ya chombo. Kinachowezekana ni jukwaa dogo la mbao lenye bawaba, upande mmoja wa usukani, linaloshushwa mkiwa nangani. Sola usiifikirie kwenye fremu ndefu nyuma, kwa sababu tanga linafika huko na demani (kamba ya kuongozea tanga) inafungwa huko, kila ukigeuza vitakwaruzana. Ilaze juu ya paa la chumba.

Na mbao zinataka kuhudumiwa. Deki umwagie maji ya bahari asubuhi na jioni, ikikauka inapasuka na mvua itawashukia kitandani. Chini panataka kukwanguliwa na kupakwa deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa), chombo kimelazwa mchangani, na siku hizo familia itahitaji pa kulala. Kama una ndugu ufukweni, sawa.

MswahiliPlymouth

Nyongeza mbili kutoka huku Uingereza. Kama siku moja utalala gatini, gati nyingi hutoza kwa urefu wote wa chombo, na vile vidato vinahesabiwa. Pili, na hili ni zito: tezi pana bapa ikiwa inatembea kwa injini huku nyuma pamefunikwa turubai, hewa inavutwa kurudi ndani pamoja na moshi wa eksozi. Moshi huo una gesi isiyo na harufu inayoua. Nunua king'ora chake, ukiweke chumba cha watoto, na mkiwasha injini fungueni mbele pia hewa ipite.

BabaSwafiya

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Jumamosi tulimpeleka mama akaviona vile viwili vya faiba. Cha ngazi alipanda akiwa ameshika mkono wangu mmoja tu, akaketi, akauliza choo kiko wapi. Kwenye cha kuchongoka aliitazama ngazi ya ubavuni akasema atatungoja kwenye kiboti. Mke wangu naye amekubali habari ya kelele, mradi tulale mbele usiku wa bamvua.

Tunaelekea cha pili. Nahodha Makame, najua si ulichonishauri, lakini bado nakuomba: nikikague vipi huko nyuma, nikikumbuka ile safari ya Pemba?

Nahodha Makame

Umefanya vyema kumsikiliza mama yako, na Mama Rukia amesema ambayo mimi, mtu wa safari, huwa siyatazami. Sikiliza basi.

Usukani wa chombo kile umejificha chini, hauuoni. Kikipandishwa juu, ushike kwa mikono miwili uutikise mbele na nyuma, kushoto na kulia. Ukicheza, bei ishuke au uondoke. Vidato vigonge kwa sarafu kimoja kimoja, sauti ikigeuka kuwa nzito na butu, maji yameingia ndani ya faiba.

Tazama mlango wa kuteremkia chumbani. Uwe na mbao za kuuziba, na mbao hizo zifungike zisitoke, kwa sababu siku wimbi litakapopanda ngazi yako halitabisha hodi. Matundu ya kutolea maji pale mnapokaa yawe makubwa: ziba, jaza maji, zibua, hesabu. Yakichukua dakika nyingi, yapanuliwe kabla hujatoka Kilifi. Ukiwa njiani na mawimbi ni makubwa, punguza tanga mapema, mwendo ukiwa wa wastani tezi pana inatulia.

Mwisho ni ile stoo ya chini ya vidato. Vyombo vingi vya namna hiyo vinayo, na kifuniko chake kikivuja, maji yanaingia ndani bila wewe kujua. Funga kifuniko, mwagia ndoo tano kwa nguvu, kisha fungua uingize mkono.