Kikokotoo: wastaafu na mnaokaribia kustaafu, tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nastaafu mwakani. Naomba mliotangulia mseme mkupuo, yaani ile hela ya mara moja unapostaafu, uliwasaidiaje na pensheni ya mwezi inawafikisha wapi.

Kwa wasiofuatilia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu: mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kabla ya hapo baadhi ya mifuko, kama PSPF, ililipa asilimia 50 ya mafao kwa mkupuo na mingine 25; kanuni mpya zikaweka 25 kwa wote. Wafanyakazi tulilalamika sana, na Desemba ile ile Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha: 40 kwa waliokuwa kundi la 50, na 35 kwa waliokuwa kundi la 25.

Tunabishana asilimia na kusahau kanuni yenyewe. PSPF walichukua mshahara wa mwaka mara miezi ya kuchangia mara 1/540 kupata pensheni ya mwaka, kisha sehemu ya mkupuo wakaizidisha kwa 15.5; sasa ni 1/580 na 12.5. Mwenye wastani wa mshahara wa milioni moja kwa mwezi, aliyechangia miezi 360, kwa kanuni ya zamani ya asilimia 50 angelipwa mkupuo wa milioni 62. Kwa asilimia 40 ya sasa anapata kama milioni 37.2. Pensheni yake ya mwezi inapanda kutoka kama 333,000 hadi 372,000. Kwa nyongeza hiyo ya 39,000, pengo la karibu milioni 25 litazibwa baada ya miaka zaidi ya 50. Nani anastaafu na 60 akaishi hadi 110?

Muuguzi mstaafu, Iringa
Mwalimu, mimi nilitoka 2017 kwa kanuni ya zamani. Nilimalizia nyumba, nikajenga na vyumba viwili vya kupangisha. Pensheni inaishia kwenye dawa za presha na umeme. Kodi ya vile vyumba ndiyo inayonilisha. Wadogo zangu kazini wanaotoka sasa wanahamia kwenye nyumba zisizo na madirisha. Inaniuma.

Binti wa mstaafu, Mwanza
Shikamooni wazee. Mimi natofautiana nanyi. Baba alipokea mkupuo mkubwa, ndugu wakajaa nyumbani, akanunua Coaster, na ndani ya muda mfupi hela yote ikaisha. Kilichotulisha ni ile pensheni ndogo ya kila mwezi. Ingekuwa kubwa zaidi, mama asingekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Ongezeni ya mwezi kwa maana, siyo hiyo 39,000.

Fundi mitambo, Geita
Sisi wa mikataba hata huko kustaafu hatufiki. Fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako kazi ikiisha, liliondolewa, sasa ukipoteza kazi unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Mwajiri wangu wa mwisho alikata michango kila mwezi, nikaja kukuta miezi mingi haikupelekwa. Angalieni taarifa zenu za michango mkiwa bado kazini, msingoje.

Mhasibu, Dodoma
Tusisahau pia kwamba PSPF ililipa pensheni za watumishi wa kabla ya 1999 ambao hawakuwa wamechangiwa, deni la Serikali likakua miaka na miaka. Mfuko haukudhoofishwa na mwalimu. Kwa nini yeye ndiye apunguziwe?

Asanteni wote. Binti, hoja yako nimeipokea, nyumbani kwangu nako ndugu ni wengi. Aliyestaafu baada ya Julai 2024 atuambie: malipo yalichukua muda gani, na kiasi kililingana na hesabu uliyopiga mwenyewe?