Ufa wa Tatu

Tatu: Shikamooni wakubwa. [picha] Kuta za chumba cha kuchorea kwenye nyumba yangu ya udongo zimepita dirisha! Mnaziona zile chupa za kijani nilizozipachika ukutani? Jua likianza kushuka sakafu yote inageuka kijani, inatikisika kama maji.

Musa: Na ule mstari pembeni ya dirisha nao ni urembo?

Tatu: Ule ni ufa.

Musa: Wa ngapi?

Tatu: Wa tatu.

Musa: Ufa wa tatu wa Tatu 😂😂

Shangazi: Marahaba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu: Shangazi, ukuta si ndio huu naujenga 😂

Shangazi: Sicheki mimi. Mtu na akili zake anaacha kazi ya kukaa mezani anakwenda kukanyaga tope. Watu wakiniuliza sina la kuwajibu.

Tatu: Kazi sijaacha, nimepunguza siku. Siku tatu nachora, zilizobaki nakanyaga tope. Zamani nilichora siku sita, na nusu ya hela ikaishia kwa mwenye nyumba. Na ukutani nilikatazwa hata kupigilia msumari.

Mama: Mimi nauliza choo tu. Kipo?

Tatu: Mama, choo ndicho nilichoanza nacho.

Mama: Haya.

Musa: Shangazi, wakikuuliza wape habari za yule tarishi wa Ufaransa, Ferdinand Cheval. Alikuwa akipeleka barua kwa miguu, akiona jiwe zuri njiani anatia mfukoni. Mifuko ikamshinda, akabeba kikapu, mwisho akawa anasukuma toroli. Alianza kujenga kasri kwa mawe hayo mwaka 1879, akamaliza 1912. Peke yake. Majirani walimwona mwendawazimu, leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuliona kasri lake.

Shangazi: Miaka 33? Tatu, usithubutu.

Baba Mdogo: Nimeikuza ile picha. Tatu, huo ufa umesimama wima au umekwenda mshazari?

Tatu: Shikamoo Baba Mdogo. Wima.

Baba Mdogo: Marahaba. Unaingia kucha au unaingia kidole?

Tatu: Kucha, tena kwa shida.

Baba Mdogo: Umetokeza upande wa pili?

Tatu: Hapana.

Baba Mdogo: Basi msingi haujakaa vibaya. Ungekuwa mshazari kutoka kona ya dirisha ningekwambia simamisha kazi leo hii. Udongo wako umenona mno. Udongo wa mfinyanzi ukizidi, ukuta ukikauka husinyaa, na ukisinyaa lazima upasuke mahali. Uliupima kabla ya kuchanganya?

Tatu: Niliufinyanga kidonge, nikakiangusha. Hakikuvunjika, nikafurahi.

Baba Mdogo: Kidonge hakitoshi. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia udongo theluthi moja, jaza maji, chumvi kidogo, funga, tikisa mpaka mkono uchoke. Kisha iweke mahali usiiguse. Mchanga utatua chini ndani ya dakika moja au mbili. Mfinyanzi utachukua siku nzima, pengine zaidi, nao ndio utakaokaa juu. Pima kila tabaka kwa rula. Mfinyanzi ukifika nusu, ongeza mchanga, na nyasi usizionee choyo.

Tatu: Sawa. Mimi nilitaka nipige lipu ya saruji nyufa zifichike.

Baba Mdogo: USITHUBUTU

Musa: Kaandika kwa herufi kubwa, hatari 😂

Baba Mdogo: Saruji haipumui. Maji yakishapenya nyuma yake hayana pa kutokea, ukuta unaloa ndani kwa ndani huku nje unaonekana mkavu. Siku moja lipu inabanduka kama gamba, na udongo nao umeshikamana nayo. Piga lipu ya udongo, juu yake chokaa. Na upenu wa paa uwe mrefu. Nyumba ya udongo haiuawi na mvua ya juu, inauawa na matone yanayoruka kutoka chini. Msingi wa mawe umeunyanyua kiasi gani?

Tatu: Mpaka gotini.

Baba Mdogo: Goti lako au langu?

Tatu: Langu 😅

Baba Mdogo: Inatosha. Lakini nimekasirika. Mimi nimejenga nyumba za watu maisha yangu yote, halafu mtoto wa kaka yangu anajifunza kwenye video.

Tatu: Nisamehe Baba Mdogo. Niliogopa utanicheka.

Baba Mdogo: Ningecheka sana. Halafu ningekuja na timazi, maana ule ukuta wa kushoto umelala.

Tatu: Ule nimeupinda kwa makusudi!

Baba Mdogo: Kupinda na kulala ni vitu viwili.

Shangazi: Tatu, hizo chupa lazima ziwe za kijani? Nina za bluu stoo, zinanijazia nafasi tu.

Tatu: Shangaziiii 😍 usitupe hata moja!

Shangazi: Sijasema nimekubali.

*Kesho yake*

Tatu: [picha] Chupa hii hapa Baba Mdogo.

Baba Mdogo: Maji bado yana ukungu, halafu tabaka limekaa upande. Umeitikisa.

Tatu: Niliigeuza kidogo tu nipate mwanga wa picha.

Baba Mdogo: Anza upya.