Moyo dhaifu halafu unapewa dawa ya kuupoza, imekaaje hii?

Mkwe_Kigamboni
Wakuu habari za jioni. Mama mkwe kakutwa na moyo uliotanuka, kliniki wamempa bisoprololi, dozi ndogo kabisa, eti wataongeza taratibu. Sasa nimesoma kwamba hiyo dawa inazuia adrenalini isiufikie moyo. Moyo wenyewe hausukumi damu vizuri, adrenalini ndo inaupa nguvu, halafu mnaizuia tena? Mwenye uelewa anifafanulie, matusi hapana.

Mzee wa Zamu
Mkuu hata madaktari miaka ya nyuma waliona kama wewe, bita-bloka, yaani kundi la dawa za kuzuia adrenalini kama hiyo bisoprololi, ilikuwa haipewi mtu ambaye moyo umefeli.
Iko hivi, adrenalini haiingii ndani ya seli ya moyo, inagonga mlango tu kwenye kipokezi kinaitwa bita-1, huko ndani kinatengenezwa kijumbe, cAMP, nacho kinaamsha kimeng'enya PKA, na PKA ndo inazunguka kuchochea mambo. Inafungulia kalsiamu iingie kwa wingi, msuli unakaza kwa nguvu. Ila wengi hawajui kwamba PKA hiyohiyo inaulegeza msuli haraka pia, kuna protini fosfolambani inayoibana pampu ya kurudisha kalsiamu ghalani, PKA ikiigusa inaachia. Bila hivyo moyo ukipiga 150 kwa dakika usingepata hata muda wa kujaa damu.
Sasa moyo ukidhoofika mwili unamwaga adrenalini na ndugu yake noradrenalini usiku na mchana, punda afe mzigo ufike. Seli nazo zinajihami, kimeng'enya GRK2 kinavitia alama vipokezi, protini iitwayo arestini inakuja kuvifunika, vingine vinamezwa ndani kabisa. Mlango unagongwa weee hakuna anayefungua, na huku kalsiamu inavuruga mapigo na seli nyingine zinakufa. Bita-bloka inanyamazisha hizo kelele, vipokezi vinaanza kurudi, lakini ni wiki na miezi, sio kesho asubuhi.

chachandu
Arestini 😂 kumbe hadi kwenye moyo kuna polisi

Dawa na Maji
Naongezea, ushahidi upo. Mwaka 1999 utafiti wa CIBIS-II ulipima hii hii bisoprololi kwa wagonjwa zaidi ya 2,600, vifo vikapungua kama theluthi moja. Upande wa pili kuna dawa nyingine, milrinoni, yenyewe inazuia cAMP isivunjwe, yaani inauchochea moyo zaidi, wakajaribu kuwapa wagonjwa vidonge vyake kila siku, majibu yakatoka 1991, waliomeza walikufa wengi kuliko wasiomeza. Mimi hiyo ndo ilinifanya nielewe.

Mkwe_Kigamboni
Daah asanteni sana. Ila mama tangu aanze analalamika uchovu, jana kasema anaacha, anatafuta mizizi.

Mzee wa Zamu
Uchovu wiki za mwanzo upo sana. Ila mwambie asikate ghafla mkuu, vipokezi vikishaongezeka halafu ukatoa kizuizi siku moja, adrenalini inakuta milango yote wazi, moyo unaweza kwenda mbio vibaya mno. Mrudishe kliniki wao ndo wapange dozi. Na mpime uzito kila asubuhi, ukipanda kilo 2 ndani ya siku 2 au 3, miguu ikivimba au akibanwa pumzi akilala, msisubiri tarehe ya kadi. Hiyo mizizi nayo aitaje hukohuko, asifiche.

Mkwe_Kigamboni
Sawa mkuu, kesho naazima mzani kwa jirani.