Naomba ushauri: kuunganisha vipimo vya mionzi ya anga za juu kwa wanaanga
Wanajamvi, habari zenu. Ninaandika tasnifu ya fizikia kuhusu dozi wanayopata wanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambako mtu hupokea takriban nusu milisiveti (kipimo cha athari ya mionzi mwilini) au zaidi kwa siku moja, na nimekwama mahali ambapo sitaki kupita juujuu, kwa kuwa hapa tunazungumzia afya za watu.

Fuwele za lithiamu floridi, zile ndogo kama kucha ambazo hupashwa moto hadi zikatoa mwanga, hupima protoni vizuri lakini hupunja dozi ya viini vizito vya atomi kama vya chuma. Kwa hiyo huambatanishwa na plastiki ya CR-39, ambayo ikichovywa katika myeyusho wa moto wa sodiamu haidroksaidi huonyesha vishimo pale chembe zilipopenya, ingawa chembe ikiacha nishati iliyo chini ya takriban kiloelektronivolti 10 kwa kila maikromita ya njia yake, plastiki hiyo haioni kitu.

Je, juu ya mpaka huo, ambako vyote viwili hupokea chembe zilezile, dozi iliyohesabiwa mara mbili huondolewaje? Nimejaribu kuzidisha dozi ya CR-39 kwa ufanisi wa fuwele (yaani sehemu ya dozi halisi ambayo fuwele huisoma), kisha kuitoa kwenye usomaji wa fuwele, lakini sina hakika ufanisi huo niuchukulie kwa chembe ya aina gani. Aliyewahi kuifanya hesabu hii naomba anielekeze. Natanguliza shukrani.