Siri za mtoto wetu zimeachwa cyber ili mwanafunzi wa uwakili apate maksi!

Nimekasirika, na sitaficha. Nilimpeleka mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka 15, kwa ofisi fulani ya msaada wa kisheria hapa Kisumu. Aliyemhudumia ni mwanafunzi wa uwakili. Hilo sina neno nalo, kila wakili ameanzia mahali. Tena yule dada alimsikiliza kwa upole mpaka mtoto akafunguka, akasema mambo ambayo hata mamake hajui.

Juzi nikaingia cyber Kondele kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Kando ya mashine naona karatasi zimepigwa stepla. Majina yote matatu ya mtoto wetu. Shule. Darasa. Mtaa. Halafu maneno yake, yale aliyoyasema akilia. Kijana wa cyber alikuwa anayasoma ili apange kurasa, na kijana huyo ni jirani yetu! Anasema alitoa kopi nne, mbili zimeshachukuliwa.

Nikazibeba zilizobaki hadi ofisini. Msimamizi ananiambia eti ni za watahini, lazima waone kazi halisi. Eti niliweka sahihi. Niliweka sahihi mtoto asaidiwe! Na mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Hawa ndio wanaotufundisha haki. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Cha 53 kinataka maslahi ya mtoto yatangulie. Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kutoa siri ya mteja, na karani wake vilevile. Majaji wakiandika hukumu za kesi za watoto huweka herufi za kwanza tu za majina. Jaji anaweza, ofisi inashindwa kufuta jina? Mtahini anapima maswali aliyouliza mwanafunzi, na maswali hayo yanaonekana hata mtoto akiitwa A na shule isitajwe kabisa.

Yule dada simlaumu sana. Namlaumu msimamizi aliyemwachia faili itoke mlangoni.

Sasa mtoto amekataa kurudi. Usiku ameniuliza, "Shangazi, yule wa cyber amesoma yote?" Sikuwa na jibu.

Nazitaka zile kopi mbili, na nataka kujua zimepita mikononi mwa nani. Aliyewahi kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data aniambie alianzia wapi.