Kila mtu siku hizi ni "chokora"? Mmetuchosha!

Wadau, leo siongei kwa mafumbo. Hili neno "chokora" mnalitupa ovyo mpaka linatia kinyaa. Mtu hajanyoa, chokora. Amerudi kuongeza pilau harusini, chokora. Mkikosana na konda juu ya chenji ya ishirini, "shuka hapa, chokora wewe!"

Kuchokora ni kuchimbua na kupekua. Mtoto wa mtaani alibandikwa jina hilo kwa sababu anachokora taka zenu akitafuta makombo, chupa za plastiki na vyuma vya kuuza kwa kilo. Yaani njaa yake ndiyo mmeifanya tusi! Miaka ya 1970 hapa Nairobi waliitwa "paking boi", maana walikuwa wakiwaonyesha wenye magari pa kuegesha ili wapate senti mbili tatu. Angalau jina hilo lilitambua kwamba wanafanya kazi.

Kilichonipandisha mori ni hiki. Kijana wa jirani yangu hapa Umoja alitumwa mkate na maziwa kwenye duka moja kubwa. Ndala moja ya bluu, nyingine nyeusi, sweta ya shule imetoboka kiwikoni. Soja wa mlangoni akamkamata ukosi: "Machokora hawaingii huku." Na noti ya mia mbili anayo mkononi! Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, watu wazima na ndevu zao. Mama yake alipoenda kuuliza, meneja akamjibu eti soja "alidhani tu ni chokora". Kwa hivyo angekuwa wa mtaani kweli, kumburuta kungekuwa halali? Ama noti yake ingekosa picha ya jumba la KICC iliyo kwenye noti zenu?

Sensa ya serikali ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, na Nairobi ndiyo iliyoongoza. Mnakumbuka pia 2003, serikali ya Kibaki ilipochukua vijana wa mitaani ikawapeleka NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa, wakafunzwa ufundi. Huenda aliyekuchomelea geti lako ni mmoja wao, na wewe unamtukania wenzake mbele yake.

Najua wale wa "ni utani tu, acha kulia" wako njiani. Karibuni. Ila kabla hujaandika, niambie ni lini mara ya mwisho ulimwita hivyo mtu aliyevaa suti. Mheshimiwa anachokora hazina ya umma mchana kweupe na bado mnampigia makofi.