Mrejesho: IELTS kwa kujisomea mtandaoni

Wakuu, niliuliza kama mtu anaweza kujiandaa na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, kwa kusoma mtandaoni tu, bila kulipia darasa. Matokeo yametoka: alama ya jumla 7, na uandishi uliokuwa unanitia hofu nimepata 6.5. Asanteni sana, kwa kweli.

Kilichonibeba ni ule ushauri mlionipa wa kukomaa na uandishi. Una dakika 60 kwa maswali mawili, na insha ya maneno 250 ina uzito mara mbili ya lile swali la kwanza la kuelezea grafu kwa maneno 150. Basi nikawa naanza na insha, dakika 40, simu ikihesabu mezani, ndipo naingia kwenye grafu. Kusikiliza nako, rekodi inachezwa mara moja tu, kwa hiyo mazoezini nilijikataza kurudisha nyuma hata neno likinipita. Kusoma sikuhangaika nako sana.

Anayefanya kwa kompyuta aanze mapema kuzoea kuchapa haraka. Na kwa kuwa vyuo vingi hupokea matokeo ya ndani ya miaka 2 tu, ulizia kwanza chuo chako kinataka alama ngapi kwa kila sehemu, ndipo ulipie.